"Hana kadi, hashiriki jumuiya": kisa cha mazishi Gongo la Mboto

Alifariki Alhamisi alfajiri akiwa lindoni. Wenzake walimkuta ameinamia meza ya getini, tochi bado inawaka mkononi, na gari lilipofika Muhimbili alikuwa ameshakata roho. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo moja la Posta. Nyumbani kwake ni Gongo la Mboto, nyumba ya tano kutoka kwangu. Saa mbili asubuhi mke wake alinipigia simu. "Tumsifu Yesu Kristo, Katibu. Baba watoto ametutoka. Naanzia wapi?"

Nasimulia kisa hiki kwa sababu katibu wa jumuiya, kile kikundi kidogo cha Wakatoliki wa mtaa wanaosali pamoja, ni mimi, na daftari la mahudhurio nalishika mimi. Familia imeridhia nisimulie bila majina. Parokia nayo siitaji, maana utaratibu wake ni ule ule utakaoukuta katika parokia nyingi za jiji hili, na waliohusika ni watu wema ambao nasali nao mpaka leo.

Siku tatu za msiba

Kwetu, mfiwa haendi moja kwa moja kwa padre. Anaanza kwa mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti anajaza barua, barua inapita kwa mwenyekiti wa kanda, kisha inafika ofisi ya parokia ikiwa na kadi ya zaka ya marehemu. Hapo ndipo katekista anapanga siku na saa ya mazishi. Barua yenyewe ni fomu ya nusu ukurasa iliyotolewa kopi mara nyingi hadi herufi zimefifia. Ina jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo. Kisha yanakuja maswali mawili yanayofanya kazi yote: "Je, marehemu alikuwa akishiriki jumuiya?" na "Je, ametimiza zaka na michango?"

Mama Mwenyekiti alilifungua daftari juu ya stuli, uani kwake. Ni kauntabuku la kawaida. Majina yako kushoto, tarehe za Jumamosi juu, alama ya vema kwa aliyekuja, duara kwa aliyetoa udhuru. Mstari wa marehemu ulikuwa mweupe kuanzia Januari hadi Agosti, isipokuwa vema moja mwezi wa nne. Jumamosi hiyo naikumbuka. Alikuja na sare ya kazi, buti zina vumbi, akakaa karibu na mlango. Katikati ya tafakari alisinzia, kichwa kikaangukia bega la jirani yake, watu wakacheka. Alipoamka aliomba radhi kwa mkono, bila kusema neno. Hakurudi tena. Niliweka vema, nikafunga daftari.

"Huyu hatumjui," Mama Mwenyekiti alisema. "Nitaandikaje kwamba anashiriki? Nidanganye kwenye karatasi ya Kanisa?"

Kwa kipimo cha fomu alikuwa sahihi. Ofisini mambo yalizidi kukaza. Paroko alikuwa safarini, paroko msaidizi alikuwa kigangoni mpaka Ijumaa jioni, na katekista hakuwa na mamlaka ya kuvunja utaratibu aliokabidhiwa. Alipiga hesabu: zaka ya miaka miwili, mchango wa ujenzi wa ukumbi, rambirambi za misiba sita kwa shilingi 2,000 kila msiba. Jumla shilingi 187,000. Akapendekeza kwa sauti ya upole kabisa kwamba familia imzike marehemu kwa sala zao wenyewe, na Misa itazamwe baadaye, wakishajipanga.

Msibani, shemeji wa marehemu alikuwa ameshapata jibu jingine. Mchungaji wa kanisa la kiroho la mtaa wa pili alikuja kutoa pole na akasema yuko tayari kuzika, bila karatasi yoyote. "Mungu ni mmoja," shemeji alisema. Mjane aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Alibatizwa Kasulu. Tulifunga ndoa Kasulu mbele ya padre. Sitamhamisha dini akiwa mochwari."

Turubai lilifungwa na majirani, wengi wao Waislamu, na sufuria za pilau zilitoka nyumba ya mzee mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Babu. Usiku wa Alhamisi Babu alivuta kiti cha plastiki akakaa karibu nami. Alikuwa amesikia. Aliuliza kama ni kweli kwamba marehemu hasaliwi kwa sababu anadaiwa. Nikaanza kumweleza utaratibu: fomu, kanda, kadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi siku ya kuzika tunatangaza, anayemdai marehemu aje kwa ndugu zake. Deni wanalibeba walio hai. Maiti haisubiri." Hakusema kwa kejeli. Alitaka kuelewa tu, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Sheria ya Kanisa inasemaje

Usiku ule sikulala. Nilichukua nakala ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa niliyopewa kwenye semina ya viongozi wa walei, ule uliotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 25 Januari 1983, nikasoma sehemu ya mazishi kwa mara ya kwanza. Inasikitisha kwamba nilikuwa kiongozi kwa miaka mitano bila kuisoma.

Kanuni ya 1176 inaanza kwa jambo ambalo fomu yetu imeligeuza kichwa chini: mwamini aliyefariki lazima apewe mazishi ya Kanisa kadiri ya sheria. Kupewa ndiyo kawaida, na anayetaka kunyima ndiye anayetakiwa kuonyesha sababu. Kwetu mfiwa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba marehemu wake anastahili.

Sababu za kunyima zimetajwa kwenye kanuni ya 1184, nazo ni chache mno. Kuna walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa namna inayojulikana. Kuna waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo. Na kuna wakosefu wa hadharani ambao kuwazika kikatoliki kungewakwaza waamini. Hata hao, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Penye shaka, sheria inaagiza aulizwe askofu mahalia na uamuzi wake ufuatwe. Haisemi aulizwe mwenyekiti wa jumuiya, wala kanda, wala katibu mwenye kauntabuku.

Kuhusu fedha, kanuni ya 1181 inataka pasiwe na upendeleo wowote katika mazishi na maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili. Zaka ni wajibu wa kweli. Iko kwenye Amri za Kanisa tulizokariri tukijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na kanuni ya 222 inawataka waamini wote wasaidie mahitaji ya Kanisa. Lakini wajibu ni wa mtu aliye hai, kadiri ya uwezo wake. Hakuna mahali nilipokuta kwamba ukiisha muda wa kulipa, deni linakatwa kwenye sala za maiti.

Kwenye kikao cha baadaye mjumbe mmoja alijenga hoja kwamba kutohudhuria jumuiya ni dhambi ya wazi, hivyo marehemu aingizwe kundi la wakosefu wa hadharani. Naikataa hoja hiyo kwa nguvu zote. Kundi lile linahusu kashfa nzito inayojulikana na watu. Kutoonekana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi hakumkwazi mtu yeyote. Kilichowakwaza watu msiba ule, Waislamu na Wakristo, ni kwamba sisi tulisita.

Tuseme wazi pia kwamba halmashauri ya walei, kadiri ya kanuni ya 536, ni chombo cha ushauri tu. Fomu yetu haikutungwa na askofu. Ilitungwa na kamati, kwa nia njema, mwaka ambao watu wengi waliletwa kuzikwa parokiani bila mtu yeyote kujua kama ni Wakatoliki. Swali la kwanza lilikuwa la kutambua: huyu ni nani? Miaka ilivyopita likawa swali la kukagua, na hakuna aliyekaa kuamua libadilike hivyo.

Mama Mwenyekiti ana haki ya kukasirika

Asiyemjua ataona ni mwanamke mgumu. Mimi namjua. Ni WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wa tangu siku nyingi, na sijawahi kuona msiba katika jumuiya yetu ambao hakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Anapika na kulala na wafiwa, anakusanya zile elfu mbili mbili mlango kwa mlango, na mara nyingi zinazopungua anazitoa kwenye biashara yake ya maandazi. Jumuiya yetu ina kaya 34 kwenye daftari. Wanaokuja ni watu kumi na moja, wale wale.

Siku ya kikao alisema maneno ambayo hayajanitoka: "Tunawabeba watu ambao hata kutusalimia njiani hawataki, na siku wakifa wanataka kwaya." Alikuwa analia. Wapo kweli watu wa namna hiyo, wanaoliona Kanisa kama kampuni ya mazishi inayolipiwa siku ya tukio. Na hofu yake kwamba tukilegeza kila kitu hata wale kumi na moja watachoka ni hofu ya mtu aliyechoka tayari.

Nilichomwambia, na ninachokishikilia, ni kwamba adhabu yetu haikumgusa mtu tuliyekuwa na hasira naye. Yeye alikuwa amelala kwenye jokofu la Muhimbili. Ilimwangukia mwanamke mwenye watoto watatu, siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Hata kama marehemu angekuwa mzembe wa kweli, tungekuwa tumempiga asiyehusika.

Na hakuwa mzembe. Tuliyajua hayo Ijumaa mchana, alipofika mlinzi mwenzake kutoa rambirambi ya wenzake wa lindo. Alisema zamu yao ni saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kila Dominika, kabla ya kupanda daladala ya Gongo la Mboto, marehemu alipita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale linapotazama bandari, akasali Misa ya kwanza, akatoa sadaka yake kwenye kapu kama mtu mwingine yeyote, bila bahasha yenye namba. "Alikuwa ananiambia, tukalale tumeshasali," yule mlinzi alisema. Mjane alikuwa anajua. Alipoulizwa mbona hakusema Alhamisi, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Saa kumi na mbili asubuhi

Hapa ndipo kisa kinapotoka sakristia na kuingia mitaani, na hapa ndipo naona tulikosea zaidi.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walichagua kulijenga Kanisa la ukanda huu juu ya jumuiya ndogo ndogo. Walitaka waamini wajuane kwa majina na imani iishi pale watu wanapoishi. Ni moja ya mambo mazuri kabisa yaliyotokea katika Kanisa letu. Lakini jumuiya ya aina hiyo inakaa vizuri zaidi kijijini, ambako watu wanalala usiku na kuamka pamoja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao wanafanya kazi wakati wengine wamelala: walinzi, wauguzi, wachoma mikate, wapakiaji mizigo bandarini, madereva wa malori, mama ntilie wanaowasha moto saa tisa usiku. Jumuiya zetu zinakutana alfajiri ya Jumamosi kwa sababu ndiyo saa inayomfaa mwenye kazi ya ofisini. Mlinzi wa zamu ya usiku saa hiyo ndiyo kwanza anamsubiri mwenzake amwachie lindo.

Zaidi ya hapo, yule mlinzi alituambia marehemu alikuwa anapata ofu mbili kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na inataka saa za usiku zilipwe nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mtu anayekesha saa kumi na mbili kila usiku kwa ofu mbili kwa mwezi ana dai halali mbele ya sheria. Katika jumuiya yetu kuna mwanasheria mmoja na afisa utumishi mmoja. Wote wawili wako kati ya wale kumi na moja. Mtu aliyehitaji msaada wao alisinzia mbele yao mwezi wa nne akiwa na buti zenye vumbi.

Kanisa lina maneno mengi mazito juu ya wafanyakazi, tangu Papa Leo wa Kumi na Tatu mwaka 1891. Mwezi Mei 2025 Papa Leo wa Kumi na Nne aliwaeleza makardinali kwamba mtangulizi huyo ni sababu mojawapo kubwa ya jina alilochagua. Tulishangilia sana jina hilo kwenye jumuiya, nakumbuka. Sikukumbuka kwamba mstari mweupe kwenye daftari langu ulikuwa wa mfanyakazi.

Daftari lile lilianzishwa ili tujue nani haonekani, tumfuate. Kanuni ya 529 inamtaka paroko azitembelee familia na awatafute kwa bidii maskini, wanaoteseka na walio wapweke, na mimi naamini jumuiya ndiyo miguu yake katika kazi hiyo. Sisi tulilitumia kujua nani tumkatalie. Kurasa ni zile zile na alama ni zile zile, ila tulikuwa tunalifungua siku isiyo yake.

Ijumaa jioni na baada yake

Ijumaa saa moja jioni nilipanda bodaboda kwenda kumsubiri paroko msaidizi. Nilikuwa na cheti cha ndoa cha Kasulu, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, kingo zimeliwa. Fomu nilikuwa nimeijaza nusu. Padre alishuka garini na vumbi la kigangoni, akanisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza kama marehemu alibatizwa. Akauliza kama aliwahi kuikana imani. Cheti alikisoma chini ya taa ya gari, akakikunja taratibu kwa mikunjo yake ya zamani, akanirudishia. "Kesho saa nane, Misa. Mwambie mama apumzike." Fomu hakuiomba.

Misa ilikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Walinzi walikuja na sare, wengine wakiwa wametoka lindoni asubuhi ile. Mama Mwenyekiti alikuja na WAWATA wake na vitenge vyao, na alikuwa kati ya waliobeba mashada. Homilia ilikuwa fupi. Padre alisoma Tobiti, pale anapoacha chakula mezani na kwenda kumchukua Mwisraeli aliyetupwa sokoni ili amzike. Hakututaja, hakutugombeza. Makaburini Babu na vijana wake walisimama pembeni kidogo wakati wa sala, na padre alipomaliza walishika koleo.

Ziko kesi ngumu kuliko hii. Waliokuwa wakiishi bila ndoa ya Kanisa na wale waliohamia dini nyingine kisha ndugu wakawataka warudishwe wanahitaji mchungaji mwenye hekima na muda, wala sidai kisa changu kinawajibu. Cha marehemu huyu kilikuwa chepesi, na kilituchukua siku mbili.

Kikao cha jumuiya kilifanyika wiki mbili baadaye, na kilikuwa kizito. Tulikubaliana mambo mawili, la tatu likatushinda. Jumamosi moja kila mwezi tumeihamishia Dominika saa kumi jioni. Na majina yote yenye mistari mitupu tuligawana, wawili wawili, tukaenda nyumba kwa nyumba bila kutaja michango.

Majina yalikuwa tisa. Wanne walishahama, mmoja wao yuko Chanika, na hakuna aliyejua. Wawili ni waendesha bodaboda wanaolala mchana. Mmoja anachoma mikate usiku. Mmoja alitupokea mlangoni, akatuambia hataki, na tukamuaga vizuri. Wa tisa ni bibi anayeishi chumba cha uani, mwenye miguu iliyovimba, ambaye hajatoka nje ya geti kwa karibu miaka miwili. Kwenye daftari nilimwekea nafasi tupu kwa miezi yote hiyo. Alimuuliza Mama Mwenyekiti kama padre bado anapeleka Ekaristi kwa wagonjwa, au utaratibu umebadilika. Tangu Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata anapelekewa, na Mama Mwenyekiti ndiye anayetandika kitambaa cheupe na kuwasha mshumaa.

Lililotushinda ni fomu. Nimepeleka pendekezo la maandishi kwenye halmashauri ya walei kwamba maswali yale mawili yaondolewe, na mahali pake pawe na swali moja tu kuhusu ubatizo. Wapo wanaounga mkono. Wapo wanaosema nimeguswa na msiba wa jirani na nitapoa. Zile shilingi 187,000 bado ziko kwenye kitabu cha mweka hazina, chini ya jina lake, na mjane ameshakuja mara moja kuuliza aanze kulipa kidogo kidogo wapi. Nilimwambia asubiri. Halmashauri inakaa Novemba.